Masikio ya Amplifaya

Asubuhi Ndeshi alikuwa jikoni, nyumbani kwao mtaa wa Sakina, Arusha, akichambua mchele, na kaka yake Kisioki alikuwa sebuleni akitafuta miwani. "Miwani yangu iko wapi?" Kisioki aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Swali likatoka kwenye spika zote mbili, likapita dirishani, likavuka barabara ya Nairobi, na fundi gereji aliyekuwa amelala chini ya Fuso upande wa pili akajibu kwamba hajaiona. "Iko juu ya friji," Ndeshi alisema. Kwenye spika ilitoka shhh, kama birika linalokaribia kuchemka. Kisioki akaendelea kutafuta.

Hayo yalianza walipoanua matanga ya baba yao, Mzee Lemburis. Wageni wa mwisho walipoondoka na turubai lilipokunjwa, kila kilichosemwa ndani ya nyumba kikaanza kutoka kwenye spika za marehemu, na maikrofoni hakuna. Diana, mke wa Kisioki, alichomoa waya mmoja aone kama kutakuwa na tofauti. Haikuwepo, akaurudisha, maana waya unaoning'inia unachafua sebule. Mchungaji alipokuja kuwatazama alisema kwa ibada za jumuiya itasaidia, wanaokaa nyuma huwa wanalalamika hawasikii. Yakaishia hapo. Sakina ina mabasi ya Namanga, ina mafundi gereji, ina vumbi lake. Watu hawana muda wa kuishangaa spika.

Kilichosumbua ni kwamba spika zile zilikuwa na upendeleo. Kisioki akinong'ona, mabati yanatikisika. Akikohoa, mbuzi wa jirani wanakata kamba. Diana alisikika nusunusu, neno linaingia, neno linatoka. Ndeshi hata apige kelele ya moto, ilitoka ileile shhh.

Kisioki mwenyewe hakuona ajabu yoyote katika hilo. Yeye ni mzee wa kanisa, na kila Jumapili baada ya ibada ndiye anayenadi mavuno pale nje, mayai, miwa, mikungu ya ndizi. Jogoo wa kawaida tu, akiwa mikononi mwa Kisioki, ananunuliwa, anarudishwa kwa Bwana, ananunuliwa tena na mtu mwingine, mpaka jogoo mwenyewe anachoka na kufumba macho. Ile miksa ya nyumbani, mashine ya kuchanganyia sauti, pia ilitoka kwenye mnada huohuo. Kanisa lilipopata mpya, ya zamani iliwekwa mezani katikati ya trei ya mayai na kibuyu cha maziwa, na Kisioki akainadi, akajinunulia, akajipigia makofi. Alipofika nyumbani aliiunganisha na amplifaya ya baba yake, akaridhika.

Ndeshi alizaliwa na sauti ndogo. Kwaya ilimweka mstari wa mbele, ikamsogeza mbele zaidi, mpaka akawa karibu anagusana na mchungaji, na mwisho wakamwomba atunze sare. Lakini mtu asije akamwona mnyonge, atajuta. Ndeshi ndiye aliyelirudisha zizini dume la ukoo lililokuwa limevunja ua, kwa kulikazia macho tu. Ndiye aliyetoka kwa mumewe kule Kisongo mchana kweupe, na mkoba mmoja, akaja kumuuguza baba yake miaka yote ambayo Kisioki alikuwa akituma salamu kutoka mjini. Alijua anachotaka na alikuwa na hakika atakipata. Alichokosa ni kusikika tu, na kusikika, kwa mawazo yake, ni kazi ya fundi.

Alichotaka ni kipande cha juu cha shamba. Kiko juu ya mfereji, pale njia ya gari inapoishia, na asubuhi kabla mlima haujajifunika unauona Meru wote, mpaka mikunjo. Kina migomba, kina kahawa kidogo, kina mparachichi mmoja mkaidi. Baba yake alimpa kwa mkono wake, wakapanda masale kuzunguka mpaka, na shahidi hakuwepo ila ng'ombe. Kisioki alisema masale yale yamejiotea. Yeye alitaka kujenga pale vijumba vya wageni wanaopenda kulala wakitazama mlima, na tayari alikuwa ameshaleta mchanga.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kikao cha kwanza sebuleni pale. Kisioki alisema, na mpaka mtaa wa Kwa Iddi walimwelewa. Ndeshi alisema, ikatoka shhh. Baba yao mdogo, Mzee Yiamat, ambaye ni laigwanani na rika lake lote humsikiliza, alisubiri kwa heshima mpaka shhh ikaisha, halafu akasema, "Mwanangu, hatukukusikia." Wakaahirisha.

Ndeshi alirudi jikoni na furaha yake. Hawakusema hapana. Walisema hawakusikia.

Basi alipomaliza ule mchele alijitupia khanga begani akavuka barabara kwenda kwa Arafa.

Arafa alikuwa na kibanda chake cha ufundi kati ya muuza matairi na muuza supu. Baba yake alitoka Tanga zamani na bisibisi mfukoni, akamwachia binti yake kibanda, bisibisi na ubishi. Arafa alizaliwa Arusha na hajawahi kulala Tanga hata usiku mmoja, ila kila mabishano yakipamba moto husema yeye ni mtu wa pwani. Alimwinamia Ndeshi sikio karibu na mdomo, akasikiliza shida yote bila kukatiza.

"Nyinyi Waarusha mna sauti za kuitia ng'ombe bonde zima," alisema. "Ya kwako umemwazima nani, dada yangu?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Haya, twende nikaione hiyo redio. Kuna kifaa hapa Sakina kimenishinda mimi? Kitaje."

Hakikuwepo. Arafa alifunga kibanda wakaenda.

"Shikamoo, mzee," alimsalimu Kisioki, ambaye miwani alikuwa ameshaipata.

"Marahaba," alisema Kisioki, na huko nje basi likafunga breki.

Arafa hakugeuka. Alichuchumaa mbele ya amplifaya, akagusa kitufe kikubwa cha sauti kwa ncha ya kidole. Nyumba ikanguruma, vikombe vikacheza kabatini. Akakirudisha. Akakigusa tena, safari hii kidogo kuliko mara ya kwanza, na vikombe vikacheza vilevile.

"Mnaona? Kitufe kinazunguka mpaka huku," akaonyesha kwa kiganja, "na nyinyi mnatumia upana wa ukucha. Kilichobaki chote ni cha nini? Cha kufuta vumbi?"

"Tulidhani ndiyo nguvu yake," alisema Diana kutoka mlangoni, nusu ya maneno.

"Hapana, mama. Nguvu ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, hapo mimi siongezi wala sipunguzi." Arafa aligeuza amplifaya, akaweka bisibisi kwenye kitufe kidogo cha nyuma. "Hiki hapa ni geini. Kila mtu anadhani geini ni nguvu. Geini ni masikio. Mzee, Mungu amrehemu, aliyafungua mpaka mwisho, kwa hiyo hata kuinong'oneza tu inamaliza kelele zake zote. Halafu mkaiunganisha na miksa hii ya kanisani, ambayo inatoa kwa kifua. Mwenye masikio mepesi mmemkalisha na mwenye mdomo mkubwa. Watapatana vipi?"

Kisioki aliuliza kama mwenye mdomo mkubwa ni yeye.

"Nasema miksa, mzee wangu," alisema Arafa, na hakutazama pembeni.

Akapunguza geini ya nyuma taratibu, anasikiliza, anapunguza, mpaka kile kitufe kikubwa cha mbele kikaweza kusimama katikati, mshale wake umeelekea juu kama saa sita, mahali ambapo kitufe chenye heshima zake hukaa. Ule mvumo uliokuwa nyuma ya kila kitu ukazama. Nyumba ikatulia mpaka likasikika friji, na ndani ya friji maziwa yakiganda.

Kisha akaigeukia miksa. Alikuta kila mtu wa nyumba ile ana chaneli yake, ingawa hapakuwa na waya wowote uliochomekwa. Ya Kisioki ilikuwa imefunguliwa yote. Ya Diana ilikuwa nusu. Ya Ndeshi ilikuwa chini kabisa, pale ambapo kitufe hugota na kukataa.

"Aliyeipanga hivi ni nani?"

"Ilikuja hivyohivyo kutoka kanisani," alisema Kisioki, na ilikuwa kweli.

Arafa alitoa tepu ya karatasi akabandika majina, kisha akamwambia kila mmoja aseme kwa sauti yake ya siku zote. Alitaka taa ya kijani iwake vizuri na nyekundu isiguswe. Kisioki alisimama katikati ya sebule akanadi jogoo ambaye hakuwepo, mpaka jirani akauliza bei. Diana alitaja vitu vilivyopungua jikoni. Ndeshi aliambiwa aseme lolote.

"Mimi ni Ndeshi binti Lemburis," alisema, "na kipande cha juu ni changu."

Ikatoka. Ilitoka nzima, kavu kidogo, imelingana na za wengine, na kwenye herufi ya r kulikuwa na mkunjo ambao miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba anao. Ndeshi alijisikia moyo unapanda. Alitamani kusema tena na akasema tena, lilelile, polepole.

"Hiyo sasa ndiyo kazi," alisema Kisioki, akampa Arafa mkono. Hakuwa mtu wa hofu. Alimweleza fundi kwamba sauti yake yeye, hata umeme ukikatika, inafika Ngaramtoni.

Ilibaki chaneli moja isiyo na jina. Taa yake ilikuwa inapepesa kidogo, na kwenye spika ya kushoto hakukuwa na kitu ila pumzi.

"Hii ya nani?"

"Ya baba," alisema Ndeshi.

"Niifunge?"

"Iache."

Arafa akaipa geini sawa na za wengine, akabandika tepu, akaandika BABA.

Tangu hapo nyumba ile ilisikika sawasawa. Chumvi ikitiwa sufuriani ilisikika, na abiria wa basi lililopata pancha waliteremka kuuliza kama chakula kinauzwa. Kuku akitaga alisikika kabla hajajisifu. Jioni moja wakila loshoro ya mahindi na maziwa, ikatoka kwenye spika pumzi ndefu, ya kutoka chini kabisa ya mtu, na wote wakamtazama Diana. "Kumbe unahemaga hivyo," alisema Kisioki. "Tangu mwaka tuliooana," alisema Diana, na kila neno lilifika. Kisioki alitafakari, akaomba aongezewe maziwa.

Ndeshi alijiandaa kwa kikao bila wasiwasi hata kidogo. Alifua sketi yake ya kanisani, akapiga pasi, akapanda juu kupalilia migomba maana aliona hakuna sababu ya kuiacha na magugu wakati yeye ndiye atakayeendelea nayo. Akiwa njiani kushuka, walimu wawili wa shule ya jirani wakamwambia wameusikia mchele wake ukichambuliwa. Akawashukuru.

Jumamosi wazee waliwahi. Waliegemeza fimbo zao ukutani, isipokuwa Mzee Yiamat, kwa sababu fimbo nyeusi ya laigwanani haiegemezwi. Ndeshi alimwinamishia kichwa, mzee akamgusa utosini. Ilitoka tap kwenye spika, safi kabisa.

Kwa desturi ya vikao vile, mwanamke hukaa karibu na mlango wa jikoni, na neno lake hubebwa na mwanaume wa kwao, ambaye hulirudia mbele ya wazee kwa namna atakayoona inafaa. Ndeshi hakuwa na mume wala mtoto wa kiume, hivyo mbebaji wa maneno yake alikuwa Kisioki. Hakuna aliyeona kasoro katika mpango huo hata siku moja. Ndeshi alikaa palepale mlangoni. Siku hiyo hakuhitaji kubebewa.

Baada ya sala Kisioki alianza. Safari hii sauti yake haikutikisa bati, ilikuwa sauti ya mwanaume mmoja wa makamo, na wazee waliokuwa wamezoea kurudi nyuma wakajikuta wamesogea mbele. Alisema yeye ndiye mtoto wa kwanza, ndiye mwenye jina. Alisema vijumba vya wageni vitawapa kazi vijana wa ukoo. Kuhusu dada yake, alisema Ndeshi atakula mezani kwake mpaka siku ya mwisho, na akasema hivyo macho yamejaa machozi. Wala hakuwa anadanganya. Angemlisha kweli, na vizuri.

Ndeshi alisimama.

"Shikamooni, wazee wangu. Mzee Lemburis nilimwogesha mimi. Kwenye mgongo wake kulikuwa na kovu la simba wa ujana wake, na mimi ndiye niliyejua kwamba hakuwa simba, alianguka kwenye mfereji." Mzee mmoja alitabasamu chini ya shuka. "Asubuhi moja aliniambia nimvalishe viatu vya kanisani, twende juu. Tulikwenda polepole, tunapumzika kwenye kila jiwe. Mimi nilichimba, yeye akashika masale. Akasema, Ndeshi, ukifukuzwa kokote, hapa hufukuzwi. Tangu siku hiyo nimepapalilia na nimekula hapo. Sina pengine. Siwaombi mnionee huruma, huruma ninayo ya kunitosha. Naomba mseme kwamba ni pangu, kwa sababu ni pangu."

Ng'ambo ya barabara yule fundi gereji alitoka chini ya gari akakaa. Muuza supu alishusha moto. Kule kibandani Arafa alikuwa na redio ya mtu mkononi, akaizima. Sebuleni Ndeshi aliona nyuso za wazee zote zimemwelekea yeye, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe.

"Maneno mazuri," alisema mzee aliyekuwa karibu na dirisha. "Shida ni kwamba mwenyewe Lemburis hayupo. Angekuwepo tungemuuliza."

Spika ya kushoto ikasafisha koo, mara moja, kisha tena. Wote walilijua koo lile.

"Nipo," alisema Mzee Lemburis.

"Shikamoo, baba," alisema Kisioki.

"Marahaba. Yule ng'ombe mwekundu alizaa?"

"Alizaa. Jike."

"Vizuri."

Ndeshi alikwenda mpaka kwenye spika akaiinamishia kichwa. Kitambaa cha spika kilitetemeka kidogo kwenye nywele zake, akarudi kukaa.

"Kaka," alisema Mzee Yiamat, "kipande cha juu ulimpa Ndeshi?"

"Nilimpa. Masale nilishika mimi."

"Mbona hukutuambia wakati ule?"

"Nilikuwa nasubiri kikao."

Wazee walitikisa vichwa. Walilielewa hilo, karibu kila mmoja wao alikuwa na jambo lake linalosubiri kikao.

Kwa kawaida wangetoka nje kushauriana, lakini majani yalikuwa bado yamelowa na chai imeshaletwa, wakashauriana palepale, na yote yakatoka kwenye spika. Mmoja alisema Ndeshi kasema kweli na marehemu kathibitisha. Mwingine alisema kweli ni kweli, lakini binti mmoja akipewa ardhi leo, kesho watakuja wote, na kwake yeye nyumba imejaa mabinti. Wa tatu alikumbusha kwamba mchanga wa Kisioki umeshamwagwa. Wakanywa chai. Kila funda lilisikika.

Mzee Yiamat akasimama na fimbo yake.

"Tumemsikia Kisioki. Tumemsikia Ndeshi. Tumemsikia na marehemu, tunamshukuru kwa kuja. Kipande cha juu ni cha Kisioki."

Ndeshi alitupa jicho kwenye miksa. Chaneli yake ilikuwa inawaka kijani. Kitufe kikubwa kilikuwa kwenye saa sita.

"Baba mdogo," alisema, "hamkunisikia?"

"Tumekusikia, mwanangu. Tena vizuri sana." Mzee alizungumza kwa upole, alimpenda, alikuwa amembeba mgongoni akiwa mtoto. "Hata ile siku ya kwanza tulikusikia. Mimi masikio yangu ni mazima. Ila binti wa ukoo akiomba kitu ambacho wazee hawatakitoa, hawamwambii hapana mbele za watu, ni kumvunjia heshima. Wanasema hawakusikia. Naye anaelewa, anakwenda zake, na wote mnaendelea kusalimiana. Sasa wewe umekwenda kumleta fundi."

Iliuma. Ilimuuma Ndeshi kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi alijua anakwenda kuumia. Kwa kweli alikuja kikaoni ameshapiga pasi.

"Baba?" aliita.

"Nimewasikia," alisema Mzee Lemburis. Maisha yake yote alikuwa amekaa katika vikao kama hivyo, na hakuwahi kupinga hata kimoja. Baada ya hapo ikabaki pumzi yake.

Wazee waliomba chai nyingine. Ndeshi hakuimimina. Alibaki amekaa, mikono mapajani, na Diana akaimimina, na ile pumzi yake ndefu ikajaza sebule yote na kutoka mpaka barabarani. Wazee waliisikia pia.

Siku zilizofuata Ndeshi alipongezwa kila alikopita. Kwenye soko la Kilombero wanawake walimshika mkono wakamwambia ametamka vizuri. Kanisani walimwomba arudi kwaya. Fundi gereji alimwambia lile la viatu vya kanisani lilimliza chini ya gari la mteja. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba wazee wamekosea, na hakuna aliyesema wamepatia. Walisema amesikika.

Kisha vijana wa Kisioki wakapanda juu na mapanga.

Ndeshi hakwenda. Hakuhitaji kwenda, maana kazi ya Arafa ilikuwa nzuri kiasi kwamba sauti ya kule juu ilishuka yenyewe mpaka sebuleni. Alikaa kwenye kiti cha baba yake akasikiliza. Panga lilisikika likiingia, maji ya mgomba yakitoka, halafu ule uzito unaoanguka juu ya majani yake wenyewe. Kisioki alikuwa mezani na chai yake, na chai ilikuwa inapoa. Panga lilipoingia tena, alimtuma mtu amwite fundi.

Arafa alifika na bisibisi, akamtazama Ndeshi, hakumtania.

"Punguza kidogo," alisema Kisioki. "Au irudishe ilivyokuwa mwanzo."

"Mwanzo ilikuwa mbovu, mzee. Na nikipunguza hapa, wewe pia unapungua. Zote zimelingana sasa."

"Iache hivyohivyo," alisema Ndeshi.

Kisioki alifikiria Jumapili, mnada na majogoo, ingawa mnada haukuwa na uhusiano wowote na redio ile. Akasema basi iachwe. Akavuta kikombe akanywa chai ya baridi.

Arafa alibaki amesimama, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza kazi yake. Mgomba mwingine ukaanguka.

"Safi," alisema kwa sauti ya chini. "Haina mkwaruzo hata kidogo."

Spika ya kushoto ikasafisha koo, mara moja, kisha tena.

"Huo ni ule wa karibu na mfereji," alisema Mzee Lemburis.

"Ndiyo, baba," alisema Ndeshi. "Ndio huo."